Jasho la alfajiri na vidonge vya Daonil: jibu kwa binti anayemuuguza mama yake

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Tanga pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye ana kisukari kwa mwaka wa 12 sasa. Anatumia Daonil ya miligramu 5, vidonge viwili alfajiri akishaswali na kimoja usiku anapokwenda kulala, pamoja na metfomini ya miligramu 500 mara mbili kwa siku na atenololi ya presha. Siku sita zilizopita alisumbuliwa na mkojo, tukanunua Septrin katika duka la dawa, na bado anaitumia. Tangu hapo nimemkuta mara mbili, kabla ya adhana ya alfajiri, amelowa jasho hadi shuka, anaongea maneno yasiyoeleweka na kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Mara zote mbili nilimpa chai ya maziwa yenye sukari, akarudi katika hali yake. Jirani anasema ni mashetani, kaka yangu anasema ni uzee. Kinachonichanganya ni kwamba kliniki wanamsifu: sukari yake ya asubuhi ilikuwa milimoli 4.6 kwa lita, na mwezi uliotangulia 4.3. Je, nimwachishe Daonil? Na Ramadhani inakaribia, naye hataki kusikia habari ya kutofunga.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mikesha. Nitaanza na lile lisilofaa kusubiri, kisha nitaeleza sababu zake kwa urefu, kwa kuwa mtu anayemuuguza mgonjwa nyumbani hutekeleza vizuri zaidi jambo ambalo ameelewa chanzo chake.

Kwa maelezo uliyotoa, sukari ya mama yako inashuka usiku, na inashuka kwa kiwango cha hatari. Usimpe kidonge cha Daonil cha usiku wa leo, wala vile vya kesho alfajiri, mpaka atakapopimwa na kuonwa. Kesho asubuhi mpeleke hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi, na uchukue pakiti za dawa zake zote, pamoja na hiyo Septrin ya dukani. Metfomini anaweza kuendelea nayo iwapo anakula vizuri, hatapiki wala haharishi. Atenololi usimkatishe ghafla, kwa sababu moyo uliozoea dawa hiyo huweza kudhurika ikiondolewa kwa siku moja. Septrin nayo isiachwe kimyakimya na ugonjwa wa mkojo ukabaki bila tiba. Mweleze daktari kilichotokea ili achague dawa nyingine isiyogombana na hizi.

Huenda ukaogopa kwamba sukari itapanda ukiacha Daonil kwa siku moja. Itapanda, naam. Lakini sukari ikifika 12 au 14 kwa siku moja au mbili, mzee huyo atakojoa zaidi na kusikia kiu, na kuna muda wa kurekebisha. Ikishuka hadi 2 saa tisa usiku, watu wote wamelala, muda huo haupo. Hatari hizi mbili hazina uzito sawa, na kwa miaka mingi tumewafundisha wagonjwa kuiogopa ile ya kwanza pekee.

Usiku wa leo lala chumba kimoja naye. Dawa aliyoimeza asubuhi inaweza kuendelea kufanya kazi hadi saa 24, kwa hiyo mpe chakula cha jioni cha kutosha, chenye wanga na protini kidogo, kwa mfano ugali au muhogo pamoja na samaki au maharage, na kama mna mashine ya kupima sukari, mpime anapolala na tena saa tisa usiku. Ukikuta chini ya 3.9, mpe sukari kwa namna nitakayoieleza hapa chini, hata kama anajisikia vizuri.

Sasa nieleze dawa yenyewe. Daonil ni jina la biashara; dawa iliyomo inaitwa glibenklamaidi. Katika mwili wa mtu mwenye afya, kongosho hutoa insulini sukari inapopanda baada ya kula, na hupunguza kuitoa sukari inaposhuka. Glibenklamaidi huenda moja kwa moja kwenye chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, ikafunga vijitundu ambavyo madini ya potasiamu hupitia, na chembe hizo zikaanza kumwaga insulini. Hufanya hivyo tumbo likiwa limejaa au likiwa tupu. Metfomini haifanyi hivyo. Yenyewe hulipunguzia ini kazi ya kumwaga sukari katika damu na kuusaidia mwili kuitumia insulini iliyopo, ndiyo maana mtu anayetumia metfomini peke yake ni nadra sana kushuka sukari. Watu wengi hudhani kwamba vidonge vyote vya kisukari ni vya aina moja kwa kuwa vyote hutolewa dirisha moja, na hapo ndipo makosa mengi ya nyumbani yanapoanzia.

Historia ya kundi hili la dawa inastahili kutajwa kidogo. Mwaka 1942, katika mji wa Montpellier nchini Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa, akaona baadhi yao wanashuka sukari vibaya. Mwenzake Auguste Loubatières akalichunguza jambo hilo, na kutokana na madhara yale zikapatikana dawa za kutibu kisukari. Yaani kile kilichomtokea mama yako ndicho kilichowafanya madaktari waigundue jamii ya dawa anayoitumia. Kushuka kwa sukari si ajali ngeni katika dawa hii, bali ni nguvu ile ile ya tiba ikiwa imepita kiasi.

Mambo manne katika barua yako yamekutana na kuipitisha kiasi.

La kwanza ni umri pamoja na figo. Ini huivunja glibenklamaidi, lakini mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari, na sehemu kubwa ya mabaki hayo husubiri figo ziyatoe. Figo za mtu wa miaka 71, mwenye kisukari cha miaka 12 na presha juu yake, mara nyingi zimeshapoteza uwezo bila dalili yoyote ya nje. Dawa iliyotarajiwa kuisha mwilini huendelea kujilimbikiza. Kwa sababu hiyo orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeiweka gliklazaidi kuwakilisha kundi hili, ikiwa na maelezo kwamba glibenklamaidi haifai kwa mtu aliyepita miaka 60. Mama yako ameipita mipaka hiyo kwa miaka 11, tena kwa dozi ya miligramu 15 kwa siku, ambayo katika mwongozo wa dawa wa Uingereza ndiyo kilele kwa mtu mzima wa umri wowote. Simlaumu aliyemwandikia. Huenda alianzishwa akiwa na miaka 59, dozi ikapandishwa kila sukari ilipokuwa juu, kisha kadi ikawa inanakiliwa mwezi hadi mwezi bila mtu kusimama na kuhesabu miaka.

La pili ni Septrin. Hii ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini huzuia ini lisiivunje glibenklamaidi kwa kasi yake ya kawaida, na yenyewe pia inaweza kushusha sukari, hasa kwa mtu mwenye figo dhaifu. Dozi ile ile ya Daonil aliyoizoea kwa miaka ikawa sawa na dozi kubwa zaidi tangu siku aliyoanza Septrin. Ndiyo maana matukio yote mawili yako ndani ya siku hizo sita. Zipo nyingine za kujihadhari nazo: flukonazoli ya fangasi, siprofloksasini na ndugu zake, ibuprofeni, aspirini ya dozi kubwa, warfarini, na pombe kwa wanaokunywa. Kwinini ina nafasi ya pekee kwetu, kwa kuwa huisukuma kongosho kutoa insulini, na malaria yenyewe hula sukari ya mwili, huku mgonjwa hali kitu kwa homa. Mzee wa Daonil aliyewekewa dripu ya kwinini anapaswa kupimwa sukari kila baada ya saa chache. Kwa upande mwingine, prednisoloni hupandisha sukari, na rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha dawa hii. Dawa hizo zinapokoma, dozi ya kisukari iliyokuwa imeongezwa kwa ajili yake inabaki kubwa kuliko inavyohitajika. Hivyo unaponunua dawa yoyote dukani, sentensi ya kwanza kumwambia mwuzaji iwe kwamba mgonjwa anatumia glibenklamaidi. Kama anakunywa maji ya uwatu, karela, mlonge au mwarobaini, mwambie daktari hivyo hivyo bila aibu. Wazee wengi huzificha kwa kuogopa kugombezwa, na sisi wahudumu tunachangia kwa ukali wetu.

La tatu ni atenololi. Sukari inaposhuka, mwili hupiga kelele: moyo hudunda, mikono hutetemeka, njaa kali huja. Dawa za presha za kundi la atenololi na propranololi huzinyamazisha kelele hizo, hasa kudunda kwa moyo na kutetemeka. Jasho hazilizuii. Ndiyo sababu hukuona dalili ulizozisikia kwa watu wengine, ukaona shuka iliyolowa na mtu aliyechanganyikiwa. Kwa mama yako, jasho la baridi ndilo tangazo pekee linalobaki kabla ubongo haujakosa sukari, na ubongo ukikosa sukari mtu hutukana, hulia, huita wafu, hukataa chakula, hupooza upande mmoja kana kwamba ana kiharusi, au hupata degedege. Nimekutana na familia zilizompeleka mzee kwa mganga kwanza, na kwa kweli siwashangai, kwa sababu mwenendo wa mtu katika hali hiyo unafanana sana na yale waliyoyasikia tangu utotoni. Kipimo cha tone moja la damu ndicho kinachotenganisha mambo hayo, na hakichukui dakika moja.

La nne, ambalo liko mikononi mwenu kabisa, ni saa za kumeza. Anameza vidonge viwili baada ya swala ya alfajiri. Hukuniambia anakula saa ngapi, lakini nawafahamu akina mama wa pwani: watafagia uwanja, watawahudumia wajukuu, na chai yao wenyewe wataigusa saa tatu au saa nne. Insulini imeshaanza kumwagika saa nyingi kabla. Kidonge cha usiku ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinamezwa mtu anapokwenda kufunga, maana kulala ni kufunga kwa saa nane. Glibenklamaidi humezwa pamoja na mlo wa kwanza mkubwa wa siku, chakula kikiwa tayari mezani na si kikiwa jikoni. Na iwapo daktari ameigawa mara mbili, sehemu ya pili huenda na chakula cha jioni, kamwe si kitandani. Asipokula, asimeze. Akisahau asubuhi akakumbuka wakati wa chakula cha mchana, anaweza kumeza pamoja na chakula hicho; akikumbuka usiku, aiache hadi kesho, na asirudishe deni kwa kumeza mara mbili.

Nije kwenye zile sifa za kliniki. Sukari ya 4.6 kwa kijana asiyetumia dawa yoyote ni namba ya kawaida kabisa. Kwa mwanamke wa miaka 71 anayemeza miligramu 15 za glibenklamaidi, namba hiyo ilipaswa kumfanya mtu anyanyue kichwa na kuuliza usiku umekuwaje. Kipimo cha asubuhi ni picha ya dakika ile tu. Huenda saa tatu kabla ilikuwa 2.5, na ini likajitahidi kuirudisha. Kwa mzee mwenye magonjwa zaidi ya moja, miongozo mingi hukubali sukari ya asubuhi kati ya 5 na 8 hivi, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kilicho chini kidogo ya asilimia 8, badala ya kuikimbiza 7 ya vijana. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni kazini, niliwahi kumpongeza babu mmoja mbele ya foleni nzima kwa sukari yake ya 4.2, na wiki hiyo hiyo akaletwa wodini hajitambui. Tangu siku hiyo namba ndogo kwenye kadi ya mzee hunifanya niulize kuhusu jasho, ndoto mbaya, kuamka na kichwa kinachouma, na kuanguka chooni usiku.

Kuhusu ulivyomhudumia, ulifanya jambo la msingi kwa usahihi, nalo ni kumpa kitu kitamu bila kupoteza wakati. Nirekebishe kidogo tu. Chai ya maziwa ni ya moto, hainyweki haraka, na mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Chukua vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari, au vinne vya kawaida, ukoroge katika nusu kikombe cha maji, anywe mara moja; kiasi hicho ni kama gramu 15. Nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 inafaa vilevile, lakini si ile isiyo na sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha asali nacho kinatosha. Subiri dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Kama umerudia mara tatu bila mafanikio, ondokeni kwenda hospitali. Ikipanda, usiishie hapo, kwa sababu sukari ya haraka huisha haraka na kidonge bado kiko kazini: mpe mkate, muhogo au uji mzito pamoja na yai au maharage, kisha mpime tena baada ya saa moja, na usimwache peke yake siku nzima. Kama hakuna mashine na dalili ziko wazi, mpe sukari bila kupima. Ukikosea na sukari ikawa juu, umeipandisha kidogo tu. Ukisita nayo ikawa chini, unaweza kumpoteza.

Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, si maji, si chai, si soda, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua vizuri, na tafuta usafiri mara moja. Kama hospitali iko mbali, unaweza kumpaka asali kidogo, au sukari iliyoloweshwa kidogo, kwenye fizi na upande wa ndani wa shavu lililo chini, kwa kidole, huku amelala ubavu, mkiwa njiani.

Mkifika hospitali, taja jina la dawa kabla ya jambo lolote: anatumia glibenklamaidi. Ataongezewa glukosi kwenye mshipa, na ndani ya dakika chache ataamka, ataomba uji, ataona haya kwa usumbufu, na atataka kurudi nyumbani. Usikubali kirahisi. Glukosi ya sindano itaisha wakati kidonge bado kinaisukuma kongosho, tena sukari hiyo hiyo ya sindano huichochea kongosho kutoa insulini zaidi, na mgonjwa hushuka mara ya pili, mara nyingi akiwa tayari amelala nyumbani. Anahitaji kuangaliwa kwa saa 24 angalau, na kwa mwenye figo dhaifu huweza kufika siku mbili au tatu, akipimwa sukari mara kwa mara. Kama wodi imejaa na wanataka kumruhusu, uliza kwa heshima: je, dawa imeshatoka mwilini? Swali hilo peke yake mara nyingi hubadilisha uamuzi.

Kesho, mbele ya daktari, usiseme tu kwamba mama alizidiwa usiku. Eleza tarehe, saa, jasho, maneno yasiyoeleweka, na kwamba alirudi sawa baada ya kupewa kitu kitamu. Maelezo hayo matatu ya mwisho yakikutana, daktari hahitaji kubahatisha. Omba apimwe kreatinini ili figo zijulikane, kwa kuwa hata metfomini hupunguzwa figo zikidhoofika na kuondolewa kabisa zikidhoofika sana. Kisha uliza waziwazi kama Daonil inaweza kuondolewa. Inawezekana atabaki na metfomini peke yake kwa majuma kadhaa huku sukari ikifuatiliwa. Inawezekana atawekwa kwenye gliklazaidi, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo lakini ini huigeuza kuwa mabaki yasiyo na nguvu kubwa ya kushusha sukari, hivyo hatari yake kwa wazee ni ndogo, ingawa haijaisha na masharti ya chakula yanabaki yale yale. Kama kituo chenu hakina gliklazaidi, uliza kama mnaweza kuinunua nje, au kama glibenklamaidi inaweza kushushwa hadi nusu kidonge pamoja na chai ya asubuhi, yaani miligramu 2.5, kiwango ambacho mzee alipaswa kuanza nacho. Kipo pia kizazi kipya cha vidonge visivyoshusha sukari kupita kiasi, lakini bei yake si ya kila nyumba.

Baada ya hapo kazi kubwa inarudi kwako, na naomba uifanye wewe au mtu mmoja mliyekubaliana, si kila mpita sebuleni. Dawa zikitolewa na watu wawili, iko siku zitatolewa mara mbili. Nunua daftari la kawaida, uandike saa ya kula, saa ya kumeza, sukari ukiipima, na lolote lisilo la kawaida. Karatasi za kupimia ni ghali, najua, kwa hiyo usizimalize kwa kupima kila asubuhi mtu akiwa mzima. Katika mwezi wa kwanza wa dawa mpya, pima mara mbili kwa wiki saa tisa usiku, na wakati wowote anapoonekana si yeye. Aoshe mikono kwa maji na sabuni kwanza, maana kidole kilichomenya embe hutoa namba ya uongo. Kichupa cha karatasi hizo kifungwe mara moja baada ya kutoa moja, kwa sababu unyevunyevu wa pwani huziharibu.

Vidonge viachwe katika pakiti zake, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Usivimwage vyote katika kopo moja: metfomini nyingi na glibenklamaidi nyingi ni nyeupe, na mzee mwenye macho hafifu anayekosea na kumeza glibenklamaidi mbili badala ya metfomini mbili amejipa dozi ya hatari kwa mkono wake. Kama mna wajukuu nyumbani, zifungieni. Kidonge kimoja tu cha dawa hii kinaweza kumwua mtoto mdogo, na mtoto aliyekimeza hupelekwa hospitali papo hapo hata kama anacheza.

Siku ambayo mama hana hamu ya kula, anatapika au anaharisha, dawa ya kundi hili isimamishwe siku hiyo, na metfomini pia isimamishwe kwa kuhofia figo mwili unapopungukiwa maji. Apewe maji mara kwa mara, apimwe, na daktari aarifiwe siku hiyo hiyo. Angalia pia uzito wake. Nguo zikianza kumpwaya, dozi aliyopewa akiwa mnene huenda imeshakuwa kubwa mno kwake, na hilo litaonekana kwako kabla ya mtu yeyote wa kliniki.

Limebaki suala la Ramadhani, na nimeliacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa halijibiwi vizuri kabla ya kuelewa yaliyotangulia. Mtu aliyeshuka sukari kiasi cha kuhitaji msaada wa mwingine, ndani ya miezi mitatu kabla ya mwezi wa kufunga, yumo katika kundi la hatari kubwa kwa mujibu wa miongozo ya wataalamu wa kisukari, na ushauri ni kwamba asifunge. Umri wake na hali ya figo isiyojulikana vinazidisha uzito wa ushauri huo. Si kazi yangu kutoa fatwa, ila wewe na mama mnaijua Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, inayomtaja mgonjwa na kuweka fidia ya kumlisha maskini. Kwa uzoefu wangu, wazee huyakataa maneno ya muuguzi na ya watoto wao katika jambo hili, lakini huyakubali ya imamu wanayemheshimu. Nenda kwa imamu wenu ukiwa na barua fupi ya daktari, umweleze kilichotokea bila kupamba, na mwombe amtembelee mama nyumbani. Nimewaona akina mama waliolia siku ya kwanza kisha wakaishika kazi ya kupika futari ya jirani asiye na uwezo kwa ukali kuliko walivyowahi kuushika mfungo wenyewe.

Kama daktari ataridhika mwaka mwingine kwamba anaweza kujaribu, dozi yake ya kundi hili itahamia wakati wa futari, haitamezwa wakati wa daku, glibenklamaidi itakuwa imeshabadilishwa wiki kadhaa kabla, daku italiwa karibu na alfajiri badala ya usiku wa manane, na sukari itapimwa mchana, kwani wanazuoni wengi wanaona kuchoma kidole hakuharibu swaumu. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, anafungua saa ile ile, hata kama imebaki robo saa adhana ya magharibi isikike. Lakini kwa mwaka huu, kwa mtu aliyepotewa na fahamu zake mara mbili ndani ya juma moja, mimi nisingemruhusu, na ningependa alisikie hilo kwa daktari na kwa imamu wake kabla mwezi haujaandama.